Mama Pete na Sakafu Iliyorudi Nyuma

Wapishi walimwita Mama Pete, na wageni wakadhani anauza vito. Pete yake ilikuwa chuma cha ukubwa wa kopo la maziwa, kilichokaa katikati ya mgahawa unaozunguka, ghorofa ya juu kabisa. Nusu ilishikwa na jengo, nusu ilizunguka na sakafu, na ndani yake mwanga uliruka kutoka uzi mmoja wa kioo hadi mwingine. Hivyo oda zilifika jikoni, chini, bila waya kujisokota. Miaka kumi na tisa ameitunza, na hakuna mgeni aliyejua kama yupo. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake.

Jumatatu moja pete ikafa. Akamshauri meneja wasimamishe sakafu mpaka ije mpya. Meneja akasema haiwezekani, bango la mlangoni limeandikwa "Hatusimami". Basi Mama Pete akaunga waya wa kawaida, akauachia ulegevu wa kutosha mizunguko sita. Ikifika sita, sakafu irudi nyuma sita, la sivyo waya utakatika.

Siku ya kwanza tu, sakafu ilipoanza kurudi, mpima ardhi mstaafu aliyeketi na mkewe akaweka uma chini.

"Ule mnara nimeuona mara sita ukija kutoka kushoto," alisema. "Sasa unatoka kulia. Mnatufanya wajinga?"

Mama Pete akachomoza kichwa kwenye mfuniko wa sakafuni, grisi mpaka shavuni.

"Shikamoo, baba. Tunafungua waya uliojisokota, ndiyo maana tunarudi kinyumenyume."

Mkewe, aliyekuwa amenuna, akamgeukia fundi. "Basi mwanangu, turudishe mzunguko wa pili. Hapo tulikuwa hatujagombana."

Mama Pete hakuwahi kuombwa kitu na mgeni. Akashuka, akahesabu minne nyuma, akasimamisha. Juu, mzee akakohoa, akaanza mazungumzo upya, na safari hii hakumtaja shemeji yake.

Habari hazina miguu lakini hutembea. Ndani ya wiki mbili watu walikuwa wanapanga foleni ya kurudishwa nyuma. Pete mpya ilipofika, meneja akaagiza ibaki kwenye boksi. Mama Pete alikataa katakata. Waya ulishaanza kuchubuka, naye hakuwa fundi wa kungoja maafa. Akaifunga pete asubuhi moja kabla hawajafungua. Sakafu sasa ingeweza kuzunguka mbele maisha yake yote, lakini nani angekubali iende mbele tu? Meneja hakumfukuza. Alimshonea sare yenye vifungo vya dhahabu, akamweka juu mbele za watu, mkono kwenye swichi ya kurudi. Mama Pete aliona haya kama bibi harusi.

Nyumbani mumewe hakuamini neno, akaja kujionea. Kabla ya nyama kuletwa, akamwita kwa kidole na kuomba arudishwe kabla ya supu, maana imemuunguza ulimi. Mama Pete akamrudisha mizunguko miwili kamili. Ulimi ukabaki vilevile, naye akalalamika kwa meneja.