Salamu Nilizozikata

Katikati ya miaka ya sabini baba aliugua kifua kule Igowole, na alitaka jambo moja tu: dada yangu arudi nyumbani amwone kabla hajafa. Dada aliishi Iyunga, Mbeya. Miaka sita nyuma aliolewa na mfugaji wa Usangu bila ridhaa ya baba, na baba akamwambia mbele ya ukoo asikanyage tena uani kwake.

Baba hakujua kuandika. Barua ya kumwita niliiandika mimi, na dada alijibu kwa mstari mmoja: "Hayo ni maneno yako, si yake."

Kwa hiyo niliamua baba ampelekee sauti yake. Nilikuwa karani wa misheni Iringa, na misheni ilikuwa na mashine ya kurekodi ya rili, yale magurudumu ya utepe. Kukata na kuunga utepe nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha Kiingereza na kamusi. Niliazima mashine, nikaenda nayo Igowole.

Baba alizungumza na maikrofoni kana kwamba dada ameketi mbele yake. "Kamwene, mama," alianza kwa salamu ya kwetu, akanyamaza kungoja aitikiwe. Akauliza hali yake, watoto, mkwe, ng'ombe wa mkwe, mvua ya Usangu. Kila swali alilipa nafasi ya jibu. Alikohoa, akapumzika, akaendelea. Mwishoni alisema: "Nilikosea. Njoo."

Niliporudi Iringa nilipima: dakika thelathini na nane. Kwa dada kulikuwa na redio ya kaseti tu, na upande mmoja wa kaseti ni dakika thelathini. Niliogopa dada asingeigeuza, na neno lenyewe lilikuwa mwishoni. Nilitia alama kwa penseli, nikakata mshazari kwa wembe, nikaunga kwa gundi ya utepe. Zilitoka kwanza salamu, kwa sababu hazikuwa na habari yoyote. Kisha vikohozi, kisha kimya. Nilinakili kwenye kaseti kwa waya. Ilitosha upande mmoja na nafasi ikabaki. Vipande nilivitupa jikoni, vikaungua. Kazi ilikuwa safi, na niliridhika nayo.

Nilipofika Iyunga na kaseti, dada alikuwa anapukuchua maharage. Shemeji aliweka kaseti kwenye redio yake. Baada ya muda mfupi akacheka.

"Mzee siku hizi anasema mbio kama kondakta."

Dada hakucheka. Alisikiliza mpaka "Njoo", akafuta mikono.

"Rudisha mwanzo." Shemeji akarudisha. "Hajanisalimia."

"Alikusalimia, dada. Nilitoa salamu ili yatoshe."

"Hata siku ile aliyonifukuza alinisalimia kwanza. Umetoa nini kingine?"

"Kikohozi. Kimya."

"Na hilo 'Njoo' lilikuwa wapi?"

"Mwishoni, palepale ulipolisikia. Sikuongeza hata neno."

"Unaweza kukata na kuunga, halafu unataka niamini hukuongeza?" Hakupaza sauti. "Alikuwa anamwambia nani njoo? Labda wewe. Labda mbuzi."

"Twende ukamuulize mwenyewe."

"Nikafukuzwe tena mlangoni, watu wakiangalia? Vilete hivyo ulivyokata nivisikie."

Nilimwambia vimeungua. Alirudi kwenye maharage yake. "Basi aniite upya," alisema. "Usiguse kitu."

Nilipitia Iringa kuchukua mashine, nikafika Igowole siku ya tatu. Baba alikuwa hai, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Alinitazama, kisha akatazama mlango nyuma yangu. Nilimsogezea maikrofoni mdomoni. Alijitahidi. Mashine ilichukua pumzi kwa dakika kumi na moja, kisha akageukia ukutani.

Tulimzika wiki iyo hiyo. Dada hakuja.

Rili ile ya pumzi ninayo, sijaikata popote. Sikumpelekea. Hakuna ndani yake neno la kumwita, na aliyekuwa akimwita hayupo.