Upenu wa Mjomba

Sipendi nyumba yenye upenu mrefu, na anayenicheka kwa hilo acha anicheke. Enzi za Mjerumani, mimi na dada yangu tulifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Morogoro. Paa lilikuwa bati tupu. Ikifika adhuhuri kichwa kilikuwa kinachemka, na upepo pekee tulioupata ulipita kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Dada alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikwisha kumtoka, na hii ya tatu sote tulikuwa roho mkononi.

Kwetu Waluguru mwenye sauti ni mjomba. Alipomwona dada akirudi hoi kila jioni, alikwenda kumwomba bwana wa kiwanda ruhusa ya kuezeka nyasi juu ya bati. Akakubaliwa. Akashusha mizigo ya nyasi kutoka milimani, akaezeka kama tunavyoezeka kwetu juu, upenu ukining'inia chini kabisa ili ukungu na baridi visiingie. Kazi ilikuwa safi, nani angebisha?

Siku za mwanzo bati halikutuchoma, tukamshukuru. Lakini upenu ulikuwa umeziba ule uwazi. Vumbi la pamba likasimama hewani, na joto la mashine likakosa pa kutokea. Aliyeliona hilo ni Mnyamwezi mmoja mpakia marobota, mtani wetu. Akamwambia mjomba mbele za watu, "Mluguru, huku bondeni hakuna ukungu. Umetufukia tungali hai. Kata huo upenu."

Tulicheka mpaka machozi. Mtani akisema, watu hucheka. Ndiyo kazi yake. Mjomba akamjibu, "Wewe umezoea kulala porini, nyumba utaijulia wapi?" Tukacheka tena, dada naye, huku akijifuta jasho kwa pindo la kanga. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Hazikupita siku nyingi, dada akaanguka kando ya mashine. Tulimtoa nje, tukampepea, tukammwagia maji, naye anatafuta pumzi haioni. Alasiri ile ile akafariki, mtoto yumo tumboni.

Kwetu maiti haitoki hivi hivi. Mtani huziba mlango, humsimanga marehemu, hudai apewe chochote ndipo apishe, na wafiwa hupata kucheka kidogo. Yule Mnyamwezi alikuja. Alikaa karibu na mlango, mikono magotini. Jeneza likaletwa, na nyumba nzima tukamtazama yeye. Hakuinuka.

"Mtani," mjomba akamwambia, "sema chochote. Nitukane basi."

"Nilikwisha kusema," akajibu.

Kesho yake mjomba alikwenda kiwandani kuukata upenu, na Mnyamwezi ndiye aliyemshikia ngazi. Hakuna aliyemtania mwenzake. Upepo ukaingia, ukapita mpaka kwenye ile mashine ya dada.