Kicheko cha Namba Thelathini na Saba

Sellah Nabwile alitoka Bungoma akiwa na miaka ishirini na miwili, akafungua studio Kitale: chumba kimoja, pazia la buluu na kiti cha kuzunguka. Siku za soko watu kutoka maeneo ya Kwanza na Saboti walipanga foleni, wakichana nywele mbele ya kioo chake. Kisha kila mtu akawa na simu yenye kamera, naye akabaki na picha za pasipoti tu.

Ndiyo maana mwaka jana, kampuni moja ya barabara ilipomtaka apige picha za vibanda vya mtaa wa Kipsongo, hakuuliza mengi.

"Ni kumbukumbu tu, madam," alisema msimamizi, Kipchirchir. "Tujue mahali palikuwaje kabla ya lami."

Kila mwenye kibanda alishika ubao wenye namba. Phanice, mkaanga samaki, namba thelathini na saba, alikimbia kubadilisha kitambaa cha kichwa. "Ngoja bana, nisitoke kama mwizi!" Akacheka, na Sellah akampiga picha akiwa bado anacheka.

Wiki tano baadaye namba zilezile zilichorwa kwenye mabati kwa rangi nyekundu. Jumatatu asubuhi tingatinga likaja. Aliyebisha kwamba kibanda chake hakikuwa kwenye njia alionyeshwa picha yake mwenyewe akiwa na ubao wa namba. Phanice alionyeshwa kicheko chake.

Sellah alipopita, hakuna aliyemtukana. Phanice ndiye aliyesema, "Mama Studio, si ungetuambia?"

"Sikujua, dada. Haki ya Mungu."

"Sawa. Lakini ulipiga."

Akaenda Bungoma kwa kaka yake Walubengo, angalau apumue. Siku ya pili alitembea hadi uchochoro alikojifunzia kazi. Duka la mwalimu wake lilikuwa limegeuka ghorofa ya vioo, na muuza simu mlangoni hakuwahi kulisikia jina la mzee yule. Jioni Sellah alipekua picha zake zote za zamani akiutafuta uchochoro. Hakuupata. Miaka yote alipiga nyuso za watu. Mtaa wenyewe hakuupiga hata mara moja.

"Rudi ukae huku," Walubengo alimwambia.

"Nirudi wapi, kaka? Hapa pia sipajui tena."

Aliporudi Kitale, Kipchirchir alimpigia simu: awamu ya pili imefika. "Ukikataa tutaleta mtu wa droni. Huyo hata kwa gari hashuki."

Siku mbili Sellah aliipima kazi hiyo. Akikubali, watu watamchukia. Akikataa, mashine itapita juu ya vichwa vyao bila kusema neno. Mwishowe akakubali, lakini safari hii kamera ilibaki begani mpaka amalize kusema: "Hizi picha ni za kubomoa. Kama una mabati, anza kuyatoa leo."

Wengi walimfungia mlango. Mukhisa, fundi viatu, alimmwagia maji machafu miguuni. Wachache waling'oa mabati yao yakiwa mazima, wakahama.

"Unatuharibia kazi, madam," Kipchirchir alilalamika.

"Basi nifute kazi."

Hakumfuta.

Sasa Phanice anakaanga samaki ng'ambo ya lami, chini ya mwavuli. Sellah hununua kwake. Wanasalimiana kwa kifupi, samaki hufungwa, basi. Juzi ameonyeshwa ramani ya awamu ya tatu. Inapita kwenye studio yake. Ameshamwambia mwenye nyumba, na kesho ataanza kupiga picha kutoka upande ule wa studio.