Sista Magdaline Kagure na Msalaba wa Kifuani

Alizaliwa Giakanja mwaka 1934, binti wa wakulima Wakristo. Aliweka nadhiri mwaka 1956, na baada ya kusomea upigaji eksirei alikabidhiwa chumba cha picha katika hospitali ya misheni karibu na Gatitu. Humo alitumika hadi mwisho. Wagonjwa aliwaeleza kwamba eksirei ni ndugu wa mwanga, ila hubeba nishati kubwa zaidi. Kwa hiyo hupenya nyama, lakini mfupa huizuia, na chuma huizuia zaidi. Inapozuiliwa, picha hubaki nyeupe. Nishati hiyo huweza pia kudhuru mwili, hivyo hakumpiga mtu picha asiyoihitaji, ingawa wengi walimsihi wakidhani mwanga wenyewe ni dawa.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1967. Hezekiah Ngatia, muuza viazi wa Chaka, alikuwa akikohoa damu. Picha ilionyesha kifua kikuu katika pafu la kulia na, katikati ya kifua, msalaba mweupe ulionyooka kabisa. Habari zilienea, na Jumapili waumini walifika kwa lori wakiimba, na Ngatia akakataa sindano ambazo bila hizo angekufa.

"Sista, Bwana amenipiga muhuri huku ndani, na wewe unataka kunidunga? Ati ya nini?"

Katekista Wamae alimwomba Sista picha hiyo itundikwe kanisani. "Usivunje watu moyo," alisema.

Sista alijibu: "Kama msalaba ni wa Mungu, picha ya pili haitaufuta."

Mara ya kwanza alikuwa amesimama nyuma ya mgonjwa, ambaye kifua chake kiliegemea bamba la picha. Safari hii alimgeuza kwanza. Kwenye uzi mwembamba shingoni ulining'inia msalaba mdogo wa shaba.

"Mzee, si nilikwambia uvue kila kitu?"

"Uliniambia nivue nguo. Hii ni nguo?"

Waliosimama mlangoni waliangua kicheko, na Sista aliwashinda wote kwa kucheka. Aliutundika msalaba kwenye msumari, akapiga picha. Msalaba haukuwapo tena. Ugonjwa ulikuwa palepale.

"Kosa ni langu," aliwatangazia. "Nilimtazama mgongo tu."

Ngatia alizishika picha mbili dirishani, akazilinganisha kwa muda mrefu. "Haya, dunga," alisema. "Lakini kumbuka mimi si gunia la viazi."

Sista Magdaline alifariki mwaka 1988 kwa ugonjwa wa moyo. Ngatia alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Sisi tunaoandika maisha yake tulipokusanya habari za miujiza yake, wengi walisimulia ndoto za kumwona na mikono yake yenye joto iliyoponya. Hayo hatukuweza kuyathibitisha. Ushuhuda wa Ngatia ulikuwa mfupi: "Msalaba ulitoka, mimi nikabaki."

Msumari ungalipo, na wagonjwa hutundika hapo rosari zao kabla ya picha. Anayetaka kumwiga Sista Magdaline na aanzie hapo: kabla ya kutangaza muujiza, amgeuze mtu na kumtazama upande wa mbele.