Kichwa, Mwili na Moyo wa Skola

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kasanga na sanduku la bati, filimbi shingoni na mpira wa pete kwapani. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiye na haraka na jambo lolote. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasoma barua yangu ya kupangiwa kituo, kisha akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Binti, umesomea michezo?"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Kumbe kucheza nako kunasomewa?"

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu bado kinanukia wino, na bosi wangu wa kwanza ananiuliza kama nilichosomea kipo. Akaniambia bila ubaya wowote kwamba watoto wa ziwani wanajua kuogelea kabla ya kujua kufunga vifungo, kwa hiyo mimi nishike Hesabu ya darasa la tatu, michezo nitaifanya jioni jua likipoa. Usiku ule nililia. Asubuhi niliamka na hasira, na hasira ndiyo iliyoniweka kazini miaka yote.

Ninyi walimu wachanga mnaosoma haya, niwaeleze kidogo tulivyofanya kazi. Chuoni mkufunzi wetu alikuwa akitupigia kelele kwamba kipindi cha michezo kina nyanja tatu za kujifunza, sawa na somo lingine lolote. Kuna utambuzi, yaani kile mtoto anachokijua: sheria za mchezo, sababu ya kukunja magoti unapotua. Kuna stadi, kile mwili wake unachoweza: kudaka, kuruka, kurusha. Halafu kuna mwelekeo, yaani anavyojisikia na anavyokaa na wenzake: kukubali kushindwa, kumngoja aliye nyuma. Sisi wanachuo tulifupisha, tukasema kichwa, mwili na moyo. Ukiketi kuandika andalio la somo, ule mpango wa kipindi kimoja, kila nyanja uipe lengo lake. Na ole wako uandike "mtoto ajue." Mkufunzi alikurudishia papo hapo. "Utaonaje kwamba amejua? Andika ataje. Andika aoneshe."

Moyo ndio uliotutesa wote. Kudaka mpira unakuona kwa macho. Kumpenda mwenzako unakupimaje?

Basi, Kasanga nilifundisha kuruka kwenye mchanga wa ufukweni, harufu ya dagaa ikitukaba pua. Siku moja Mwalimu Mkuu alipita, akasikia mtoto wa darasa la nne akiwaeleza wenzake kwa nini mikono itangulie mbele mtu akiruka. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita pembeni. "Mwalimu, kumbe hawa wanafikiri." Kesho yake aliniwekea kipindi cha asubuhi kwenye ratiba. Yule ndiye bosi bora kuliko wote niliowapata, ingawa tulianza vibaya.

Nilipohamishiwa mjini Sumbawanga, nchi ilikuwa imegeuka. Kila kitu ruksa. Sokoni mitumba ilimwagwa chini kwa malundo, na watoto waliokuwa wakikimbia peku sasa walikuja na raba zisizolingana, moja nyekundu moja nyeupe, wanaringa nazo. Mimi nilinunua trakisuti ya bluu. Nilipopita nayo Kizwite, nilikokuwa nimepanga chumba, akina mama waliacha kuchagua maharage wakanitazama, na kuanzia hapo nikaitwa Mama Suruali. Nilishtuka, lakini suruali sikuivua.

Kilichonishtua zaidi ni semina. Kila mkubwa alikuwa anakwenda semina au anatoka semina. Mkaguzi wa Shule, bwana mmoja nadhifu, mkali wa tai hata kwenye vumbi, alirudi kutoka kwenye moja ya hizo akiwa na maneno mapya, akatukusanya walimu wa michezo.

"Nyanja ya mwelekeo haipimwi tena kwa kubahatisha," alisema. "Kuanzia sasa kila kipindi kifungwe kwa swali la moyo. Mwulize mtoto: moyo wako unasemaje? Atakachojibu ndiyo tathmini yako."

Mimi nilinyoosha mkono nikauliza, je, mtoto akidanganya? Akaniambia nisiwe mbishi.

Haukupita muda akaja kunikagua. Ilikuwa asubuhi ya baridi ile ya kwetu Ufipa, ambayo mtu anapumua moshi. Darasa la sita walikuwa na mbio za kupokezana vijiti. Mkaguzi alikalia kiti alicholetewa kutoka ofisini, mguu juu ya mguu. Miongoni mwa watoto alikuwapo Skolastika, Skola tulivyomwita, binti wa wakulima wa ulezi na mahindi wa Kasense. Alikuwa mwembamba, msemaji, mwepesi kuliko wavulana wengi. Lakini muhula ule alikuwa amepungua kasi, na mimi nilidhani anakua tu, wasichana wa umri ule hubadilika.

Skola alipokea kijiti wa mwisho, akamaliza wa kwanza, akachuchumaa. Mkaguzi akasimama aulize swali lake yeye mwenyewe.

"Wewe uliyeshinda. Moyo wako unasemaje?"

Skola alijibu akiwa bado amechuchumaa, kwa vipande vipande. "Moyo wangu... unaruka. Unaruka halafu unasimama. Halafu unaruka tena."

"Safi sana," alisema Mkaguzi. "Mmesikia? Hiyo ndiyo furaha ya ushindi. Mpigieni makofi."

Watoto wakapiga makofi. Jamani, nilimtazama yule mtoto, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, na mshipa wa shingo unacheza ovyo. Mtu anasema anaumwa na tunampigia makofi.

"Sasa warudie," alisema Mkaguzi. "Skola atangulie, wenzake wajifunze ari yake."

Na Skola, kwa kuwa ameambiwa na mkubwa, alianza kuinuka.

"Afande Mkaguzi," nilimwita hivyo kwa kuchanganyikiwa, mtu hata si askari, "huyu mtoto anaumwa."

"Mwalimu, usivuruge tathmini. Hiyo ni lugha ya hisia."

"Ni lugha ya moyo wenyewe. Huu unaodunda."

"Nimesema warudie."

Nilipuliza filimbi ndefu, ile ya kufunga kipindi. Watoto wakatawanyika kama nilivyowazoesha. Mkaguzi akabaki amesimama peke yake, tai inapepea. Kumpulizia filimbi mkaguzi, enzi zile, ilikuwa sawa na kumtukania mama yake. Lakini nilikuwa nimeshampata Skola mikononi.

Tulimkimbiza hospitali kwenye gari la muuza mbao aliyekuwa akipita. Daktari alimsikiliza kifuani muda mrefu, akaniuliza mama mzazi yuko wapi. Mama yake alipofika akasema ndiyo, zamani kidogo mtoto aliumwa koo, kisha viungo vikavimba, wakamkanda kwa maji ya moto, akapona. Daktari akatueleza polepole. Maradhi yale ya koo yalishuka moyoni yakaharibu vali, kilango kidogo kinachozuia damu isirudi nyuma. "Asikimbie tena maishani. Leo angerudia zile mbio, sina hakika mngemfikisha hapa."

Nilikaa kwenye benchi la korido.

Mkaguzi aliniandika kuwa ni mwalimu asiye na nidhamu. Hilo sikulijali sana. Kilichoniuma ni baba yake Skola. Alikuja shuleni na kofia mkononi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Mwalimu, nakushukuru. Nimekuja kumchukua mtoto."

"Kumpeleka wapi, Baba Skola?"

"Nyumbani. Hawezi kukimbia, jembe hawezi. Huku shuleni atafuata nini? Watamcheka."

Nilimweleza mambo ya nyanja kama ninavyowaeleza ninyi. Nikamwambia daktari amekataza sehemu moja tu, tena si yote, maana kutembea na kurusha mpira taratibu anaweza. Hakumkataza kufikiri. Hakumkataza kukaa na wenzake.

Kisha akauliza, "Wenzake wakikimbia, yeye atakuwa wapi?"

"Kwenye mstari wa mwisho. Atakuwa mwamuzi."

"Na atacheka kama zamani?"

Swali lile lilinikata maini. Nikamwambia sijui, ila nitaliandika kwenye mpango wangu. Akavaa kofia, akaondoka peke yake.

Tangu siku ile kila andalio langu la darasa la sita lilikuwa na malengo ya Skola pembeni. Atamke sheria kabla ya mchezo. Arushe mpira akiwa amesimama. Aamue bila kupendelea. Mwalimu Mkuu wa pale mjini alinung'unika kwamba namweka mgonjwa uwanjani kumtafutia matatizo, nikamwambia aje aone. Akaja, siku ambayo Skola alimfutia ushindi mtoto wa Mwalimu Mkuu mwenyewe kwa kukanyaga mstari. Uwanja mzima ukashika vinywa. "Umekanyaga," alisema Skola, "hata ulie." Halafu akacheka, na mimi nikageuka upande nisionekane machozi.

Alimaliza la saba. Akachaguliwa sekondari. Kila likizo alikuja kwangu kubishana kuhusu sheria za mpira wa pete, shikamoo hajaimaliza ameshaanza kubisha.

Siku ya kuniaga kustaafu zilisomwa hotuba. Walinisifu kwa vikombe ambavyo timu zangu zilileta, wakanipa kitenge na kuku. Niliwashukuru. Lakini nilipokaa pale meza kuu, hotuba zikiendelea, nilikuwa nawaza asubuhi moja ya zamani, Skola akiwa kidato cha tatu. Baba yake alifika mlangoni kwangu Kizwite kabla sijawasha jiko. Nilimwona anavyosimama nikajua. Moyo ulikuwa umegoma usiku, hospitalini, mama yake amemshika mkono.

Nilimwekea kigoda. Nikawasha jiko, nikabandika maji ya chai.

"Mwalimu," aliniuliza, wala si kwa lawama, alitaka tu kujua, "ule moyo mliokuwa mnaufundisha, na huu uliomuua mwanangu, vyuoni kwenu hakuna aliyewahi kuiweka pamoja?"

Mimi niliyefundishwa kuweka lengo kwa kila nyanja, nikamwambia ukweli, kwamba hakuna.

Akaitikia kwa kichwa. Hakunywa chai. Akachukua kofia yake, akarudi Kasense kuwaonesha vijana mahali pa kuchimba kaburi.