Kikombe cha Mwana wa Mama Riziki

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, na wala haukuwa usiku. Ulikuwa mchana wa jua kali, mlango wazi, majirani wakitwanga na kugombana kama kawaida yao. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimekula.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Kule nilifundisha shule ya msingi. Hapa ninachapa picha kwenye vikombe. Kazi yenyewe naifanyia chumbani. Picha inatoka kwanza kwenye printa, kwa wino wake maalumu, imegeuka kama unaitazama kwenye kioo na imepauka kama kitenge kilichofuliwa mno. Unaizungushia kikombe cheupe, unaibana kwa utepe usioungua, unakifungia ndani ya mashine ya joto. Joto ndilo linaloing'oa rangi kwenye karatasi na kuiingiza kikombeni. Ukikitoa, sura iliyokuwa imefifia inakutazama kama mtu aliyeamka usingizini. Nimefanya kazi hii miaka sasa na bado inanifurahisha. Ilikuwa inanifurahisha, niseme hivyo.

Siku hiyo nilikuwa na vikombe vya arusi mezani. Kijana akasimama mlangoni, akanisemesha kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, kile cha "njo" badala ya "ndio".

"Hodi, mama. Njo hapa banachapaka picha mu vikombe?"

"Njo hapa. Ingia, mwanangu."

Alikuwa mrefu, mpole, amevaa shati ya kijani yenye kola ya manjano, zile shati za korali, kwaya ya kanisani. Akaniambia anaitwa Wilondja, mtu wa Fizi, na anataka kikombe cha mama yake chenye sura yake tu, bila maandishi. Picha hakuwa nayo. Nikamkalisha kwenye kiti, nikampiga kwa simu yangu. Niliona mfuko wa shati umeshonwa kwa uzi mwekundu ilhali kwingine kote uzi ni wa manjano. Akaniona natazama.

"Mama yangu njo alishona," akasema. "Uzi ya manjano ilimuishia."

Nikachapa, nikafunga, nikaweka mashineni. Naye akasogeza kiti mpaka akakaribia kuigusa. Basi ile mashine ikagoma. Namba za joto zilikuwa zinapanda vizuri, zikasimama, zikaanza kushuka. Nikaangalia waya, nikaangalia plagi. Umeme upo.

"Nivumilie, mama," akasema. "Mahali nalala iko baridi sana."

Mwishowe joto likapanda. Nilipotoa kikombe kwa glavu, akanyoosha mikono mitupu akakichukua. Nikapiga kelele, maana kikombe kikitoka mle kinabambua ngozi. Yeye akakikumbatia kifuani, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo. Aliponirudishia kilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Viganja vyake havikuwa na alama yoyote. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbilia wapi, na nyumba ni yangu? Nilijiambia labda mashine haikushika joto sawasawa. Lakini sura ilikuwa imetoka safi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

"Umupelekee mama," akasema. "Iko Chinsapo, kule Lilongwe, pembeni ya bomba ya maji. Uliza Mama Riziki, ule anashonaka. Atakulipa."

"Kwa nini usipeleke mwenyewe?"

"Njia yangu haifike kule. Umuambie tu nilisha kufika. Asiendelee kuniwekea chakula."

Nilidhani anaogopa kutoka kambini bila ruhusa, kama wengi wetu. Nikakubali. Wiki ile nilikuwa na safari ya Lilongwe kununua vikombe vitupu mtaa wa Area 47. Nilipomaliza nikapanda kabaza, yule wa baiskeli, mpaka Chinsapo. Bomba nikaliona, nikauliza mara moja tu.

Mama Riziki alikuwa barazani kwenye cherehani yake. Riziki mwenyewe, bintiye, alikuwa anapanga kaunjika, nguo za mitumba anazouza. Nikajitambulisha, nikampa mama kikombe.

Alikitazama, akasimama, akakaa tena.

"Wilondja," akasema taratibu. "Angalia shati yake. Bado mupya. Mutoto wangu anajichunga."

Nami, kwa nia njema kabisa, nikaanza kutoa ule ujumbe neno kwa neno: nilisha kufika. Kabla sijafika kwenye chakula, mama akainua mikono akamshukuru Mungu, akaondoka mbio na kikombe kuwaonyesha majirani. Kupitia mlangoni niliona sahani ya nsima, ugali wa huku, imefunikwa kwa sahani nyingine, haijaguswa.

Riziki hakuwa amefurahi. Alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka. Akanishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba.

"Mama, hii picha ulipiga siku gani?"

"Wiki hii. Nyumbani kwangu."

"Usinidanganye. Nakuomba."

"Nilimpiga kwa mkono wangu."

Akachuchumaa chini. "Hii shati njo nilimuzika nayo," akasema.

Walikuwa wawili njiani, yeye na kaka yake, mama akiwa ametangulia Malawi. Huko Tanzania, kabla hawajafika mpakani, homa ikamshika Wilondja, na haikumwachia. Wanakijiji wasiomjua wakamsaidia Riziki kuchimba. Alipofika Lilongwe alimkuta mama mgonjwa wa presha, daktari amekataza asishtuliwe. Akasema kaka amebaki kidogo kutafuta kazi, atafuata. Alikusudia kumwambia ukweli mama akipona. Mama akapona, na kila jioni akawa anaweka sahani ya mwanawe. Riziki akashindwa.

Nikatoa simu nimwonyeshe picha. Amini, nilikuwa nimeichapa kutoka kwenye simu ile ile. Picha ilikuwepo: ukuta wangu na kiti. Kitini hapakuwa na mtu.

Tukakaa chini wote wawili. Nikamwambia, "Leo umwambie. Nami nitakuwa pembeni yako."

Tukaingia. Mama alikuwa amerudi, anakifuta kikombe kwa pindo la kitenge. Riziki akapiga magoti akasema yote: homa, shimo, shati. Mama alimsikiliza mpaka mwisho huku akiendelea kufuta. Mimi nilitegemea kilio.

"Riziki," akasema, "hii ni wivu gani? Ndugu yako amefika, we unamuzika?"

Kisha akanigeukia mimi. "Mama, nyumba yako iko wapi kule Dzaleka?"

Wewe ungemjibu nini? Nilijaribu kueleza, nikamwonyesha simu. Akasema simu zinaharibikaka. Alikuwa na sura ya mwanawe mkononi, na maneno ya mwanawe nimeyaleta mimi. Nikamwelekeza.

Sasa anakuja hapa kwangu. Karibu kila wiki anashuka barabarani na bakuli la chakula limefungwa kwenye kitambaa, anakaa kwenye kile kiti, na kila kijana akipita mlangoni, yeye anamtazama usoni. Riziki amehamia Area 36, kwa sababu mama yake haitikii salamu yake. Mchungaji ameongea na mama, wazee wa Fizi wameongea naye. Nami siku moja nilimsihi apumzike nyumbani. Akaniuliza, "Akikuya akinikosa?" Jioni anafungua bakuli, anawagawia watoto wa jirani, anarudi Lilongwe.

Kazi bado naifanya, maana lazima tule. Lakini mtu akija peke yake, hana picha, anataka nimpige hapo hapo, namwambia wino umeisha.

Na wewe unayenisikiliza, najua tulivyokuja huku. Wengi wetu tuliacha mtu njiani na tukafika na uongo mdogo, kwa huruma. Kama umemzika mtoto wa mtu, nenda leo ukamwambie mama yake kwa kinywa chako. Usingoje mpaka mwenyewe atume salamu kwa mtu asiyejua kitu.