Shati la Kisima

Nilimpikia Kapteni Zenon Hnatiuk miaka miwili na miezi mitatu, na katika muda huo kuna siku kumi na tisa nilimnyima nyama kwa makusudi. Nilimtilia borshi, ile supu yetu, ya maji na kabichi tupu, akala bila neno. Alijua kosa lake. Nami nilijua langu, ndiyo maana hasira yangu ilikosa breki, na mpaka leo haijapata.

Mimi naitwa Motria. Kabla ya vita nilikuwa mpishi wa shule. Vita vilipoanza nikawa mpishi wa kombania ya wategua mabomu, na vijana wote wakaniita shangazi. Nataka kusimulia habari za mmoja wao tuliyemwita Kisima. Jina hilo la redioni alipewa na wenzake, kwa kuwa unadondosha neno ndani yake, unatega sikio, na husikii kitu kikigonga chini. Jina lake halisi nalijua sasa, wala silisemi.

Kisima alivaa barakoa ya sufu nyeusi, ile inayoacha macho tu, Januari na Julai. Vijana walimtania.

"Wewe Kisima, hizo chunusi zinapona lini?"

"Mwacheni bwana, kawatoroka wake watatu huyo!"

Sababu yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Kijiji chao kilikuwa mikononi mwa wavamizi tangu mwezi wa kwanza wa vita, na mama yake, mjane, alikuwa bado yumo. Aliwaambia watu kwamba mwanawe yuko Poland anapaka nyumba rangi. Wazazi ambao wana wao walijulikana kuwa jeshini walichukuliwa, na wengine hawakuonekana tena. Kwa hiyo uso wa Kisima ukijulikana, mama yake amekwisha.

Kapteni peke yake ndiye aliyeuona uso huo, siku ya kuandikishwa, na tangu hapo akaulinda. Kisima alikula pembeni mwa hema, kawapa watu mgongo, barakoa kaivuta mpaka puani. Kapteni aliketi nyuma yake na sahani yake, mgongo kwa mgongo, ili asipite mtu. Siku moja alikuja meja mkaguzi kutoka juu, akamwamuru Kisima afunue. Kapteni akasimama katikati yao.

"Huyu hafunui."

"Unajua unaongea na nani, Kapteni?"

"Najua, afande. Niandikie onyo. Hafunui."

Onyo lilikuja kweli, lina muhuri. Kapteni akaniletea niwashie jiko.

Kisima naye alimlipa kwa alichokuwa nacho. Kapteni alipopigwa kipande cha chuma pajani, Kisima alimbeba kilomita mbili kwenye tope la Machi. Na siku moja nikimenya viazi nyuma ya hema niliwasikia wawili hao wakiongea, na aliyekuwa akiongea zaidi ni Kisima! Alikuwa akieleza jinsi mama yake anavyopika jamu ya plamu. Niliacha kisu nikabaki nimeduwaa.

Kwetu kuna Alhamisi moja ya Mei ambayo kila mtu huvaa shati la kudarizi, mbunge na mkamua ng'ombe, na askari nao hulivaa chini ya fulana ya kuzuia risasi wakapigwa picha. Kapteni alitaka picha ya kombania nzima iwekwe kwenye ukurasa wa brigedi mtandaoni.

"Mimi nitabaki jikoni na shangazi," Kisima alisema.

"Shati unalo. Nimeliona begini mwako."

"Ninalo."

"Basi livae, ndugu yangu. Uso umefunikwa, nani atakujua? Nimechoka na picha za watu ishirini na tisa wakati tuko thelathini. Siku moja tu uwepo na wewe."

Kisima akamtazama sana. "Unaniamuru au unaniomba?"

"Nakuomba."

"Haya."

Shati nililipiga pasi mimi. Mikononi lilikuwa na maua ya mpopi, mekundu na meusi, na kila ua lina petali saba. Mpopi wa shambani una nne. Nikamuuliza.

"Mama alihesabu vibaya alipokuwa mwari," alisema. "Wakamcheka. Akaapa atashona saba mpaka anakufa."

Akacheka ndani ya barakoa. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nami, mpumbavu mimi, nikasema kwa sauti kubwa, "Kazi ya mkono huu hata ichanganywe na mia nitaitambua!" Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na bado sikuelewa nilichokisema. Nikamkabidhi shati likiwa bado la moto.

Picha ilitoka Alhamisi. Jumatano iliyofuata mama mdogo wa Kisima, aliyekuwa kule kule kijijini, alipanda juu ya dari ya ghala akapata mtandao. Aliwahi kusema maneno machache tu: "Wamemchukua dada. Wana picha yako. Ni shati." Simu ikakatika.

Kisima alikwenda kwa Kapteni, akamwambia maneno hayo kama alivyoyasikia, akageuka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Siku ile Kapteni alichukua sahani yake akaenda kuketi nyuma yake kama kawaida, na Kisima akanyanyuka, akaenda kula kando ya jenereta. Kuanzia hapo ikawa "Ndiyo, Kapteni" na "Hapana, Kapteni," basi.

Mimi sikuwa na adabu yake. Nilimfuata Kapteni mpaka mlangoni kwake.

"Wewe si ulikuwa mwalimu wa jiografia! Ramani zote unazijua, sindano ya mwanamke huijui!"

"Sema, shangazi."

"Unamfunika uso mwaka na nusu, halafu unamfunua kwa shati! Kwa ajili ya nini? Upate picha nzuri?"

"Sema yote."

"Na mimi nikapiga pasi! Nikapiga pasi, Mungu anilaani!" Nikamrushia mwiko, ukampata begani. Aliuokota, akauosha, akanirudishia. Nilitamani kumrushia tena.

Aliifuta picha, lakini ya nini? Maji yalikwisha kumwagika. Aliandika barua kila ofisi, akapiga simu mpaka sauti ikamkauka, na kila mahali akaambiwa raia hawamo kwenye orodha za kubadilishana mateka. Siku ya ishirini Kisima akapokea ujumbe: "Karudi nyumbani. Usipige simu." Mchana huo nilimrudishia Kapteni nyama. Kisima hakumrudishia neno hata moja.

Desemba yule mama mdogo akafanikiwa kutoka kule, akapiga simu kutoka Poland saa ya chakula cha mchana. Kisima aliiweka simu mezani kwangu, akawasha spika. Kapteni alikuwa kwenye foleni na sahani yake, akataka kuondoka.

"Kaa," Kisima alimwambia. "Usikie."

Tukasikia sote. Kijijini, kwenye foleni ya mkate, mtu alionyesha picha ile kwa siri, na jirani mmoja akashindwa kujizuia, akamgeukia mama mdogo mwenyewe. "Jamani, petali saba! Hii si kazi ya dada yako?" Alisema kwa kusifia, kwa fahari ya kijiji, kama nilivyosema mimi. Ulimi hauna mfupa. Kwenye foleni palikuwa na sikio baya.

"Nilikimbia kwa dada," alisema yule mama. "Tulikuwa na saa moja. Akafungua sanduku, akatia vyote kwenye tanuri. Taulo za kupambia picha za watakatifu ukutani, foronya, shati la arusi la baba yako. Hata zile taulo zake ndefu."

Kwetu mwanamke hujishonea mwenyewe taulo ndefu ambazo jeneza lake litateremshwa nazo kaburini. Huzianza akiwa na miaka arobaini, na hamwonyeshi mtu.

"Walipofika kuta zilikuwa tupu. Wakampa sindano na kitambaa, wakamwambia shona mpopi tuuone mkono wako. Siku kumi na tisa, mwanangu, dada yangu mimi, alishona kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyuzi kombo, mafundo nje, petali nne. Wakamcheka. Wakasema huyu bibi hawezi hata kutia kifungo, wakamwachia."

"Niitie nizungumze naye," Kisima alisema. "Mmetoka wote?"

Mama mdogo alishusha sauti.

"Alifariki Novemba. Mapafu. Kule seli kulikuwa na maji sakafuni. Ningekuambiaje nikiwa kule? Tulimteremsha kwa kamba za ng'ombe, mwanangu. Unisamehe. Hatukuwa na kitu kingine."

Kisima akazima simu. Kisha akashika barakoa, akaivua, akaiweka mezani karibu na mkate. Ulikuwa uso wa mtu yeyote wa kwetu, wenye madoa ya jua na pua kubwa, umelowa machozi. Tulimkodolea macho sote. Kapteni peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Niangalie," Kisima alisema. "Wewe si mgeni na uso huu."

Kapteni akainua kichwa.

"Karatasi yangu ya mazishi uliiandika wewe. Inasema nizikwe na lile shati. Futa."

"Nitafuta."

"Hakuna kingine kilichobaki cha mkono wake. Popote. Lisiingie ardhini. Nikifa, lichukue wewe."

"Mimi?" Kapteni aliuliza. "Mimi ndiye niliyemuua mama yako."

"Ndiyo. Na sijakusamehe," Kisima alisema. "Lakini nimebaki na nani mwingine?"